Imeji Siyo Ukuta: Podman Ndani ya Jela za FreeBSD

Tangu Desemba 2024, toleo la 14.2 la FreeBSD lilipotoka na imeji rasmi za kontena (imeji ni programu iliyofungashwa pamoja na faili zake, kontena ni imeji hiyo ikiendeshwa peke yake), wasimamizi wa seva wanaotumia mfumo endeshi huu wamegawanyika. Wako waliofurahi kwamba sasa wanaweza kuvuta imeji kwa amri moja ya Podman, programu ya kuendesha makontena, na kuiendesha ndani ya jela, yaani eneo lililotengwa na mashine nzima, kama wenzao wa Linux wanavyofanya kila siku. Wako pia wanaouliza: jela tunazo tangu mwaka 2000 na zinatutosha, hizi imeji zinatuletea nini zaidi ya mizigo iliyofungwa na watu tusiowajua? Kila upande una hoja nzito. Naona ubishi unakolea kwa sababu yanachanganywa mambo mawili: kufungasha programu, na kuizuia isiguse isichoruhusiwa.

Kwenye kuzuia, FreeBSD haina cha kumwonea haya mtu. Amri ya chroot ilikuwepo katika Unix tangu 1979, lakini ilichobadilisha ni mahali programu inapoona mzizi wa faili, basi. Root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, aliyekuwa ndani aliendelea kuona michakato na mtandao wa mashine nzima, na kutoroka hakukumsumbua sana. Poul-Henning Kamp alipoandika jela, zilizoingia katika FreeBSD 4.0 Machi 2000, shabaha yake ilikuwa huyo root: mpe mteja mamlaka yote ndani ya eneo lake, ila mamlaka hayo yaishie mlangoni. Aliye jela hapakii moduli za kerneli (kiini cha mfumo endeshi), haoni michakato ya nje, hagusi mipangilio ya mtandao wa mashine mama. Baadaye ikaja VNET, inayoipa jela mtandao wake kamili, na anwani zake na njia zake.

Nguvu ya mpango huu ni kwamba kerneli yenyewe inaijua jela. Upo wito maalumu (ombi la programu kwa kerneli) wa kuiunda, na kila mchakato ulio ndani yake una alama ya jela yake. Kerneli ya Linux haina kitu kimoja kinachoitwa kontena. Kuna vipande: utenganishaji wa mitazamo ya mfumo, ulioanza na faili mwaka 2002 na kufikia vitambulisho vya watumiaji mwaka 2013, cgroups (za kuwekea michakato vikomo) zilizoingia 2008, vichujio vya seccomp (vya kuzuia miito), mamlaka ya root yaliyokatwakatwa. Programu ya nje, mara nyingi runc, ndiyo inayoviunga kwa mpangilio, na ikikosea hatua moja pengo linabaki.

Mapengo hayo yameshaonekana. Februari 2019 ulitangazwa udhaifu CVE-2019-5736, ambapo kontena ovu liliweza kupitia /proc/self/exe, njia inayoelekeza kwenye programu inayoendeshwa, na kuandika juu ya runc yenyewe kwenye mashine mama. Januari 2024 ikaja CVE-2024-21626. Safari hii runc iliacha wazi folda ya mashine mama iliyokuwa imeifungua wakati wa kuandaa kontena. Imeji iliyotaja folda yake ya kazi kuwa /proc/self/fd/ pamoja na namba ya folda hiyo iliyoachwa wazi ilijikuta imesimama katikati ya faili za mashine mama. Kuiendesha tu imeji ya namna hiyo kulitosha kukuponza.

Haki itendeke: jela nazo zina makosa yake. Mwaka 2021 FreeBSD ililazimika kurekebisha wito wa jail_remove, ambao wakati mwingine ulikuwa unafunga jela bila kuua michakato yote iliyokuwamo. Na tofauti zote hizo zikishasemwa, jela na kontena la Linux vinafanana kwa jambo moja kubwa, nalo ni nyumba ya kupanga: vyumba mbalimbali, paa moja. Kerneli ikitoboka, wapangaji wote wanalowa.

Kwenye kufungasha, hata hivyo, watu wa FreeBSD tumechelewa, na hili wapinzani wa Podman hulipita haraka mno. Jela ya mkono inaanza kwa kushusha base.txz (faili za msingi za FreeBSD), kuifungua ndani ya seti ya data ya ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili), kuandika mipangilio ya jail.conf, kuingia ndani, kusakinisha vifurushi kwa pkg, kisha kuhariri faili moja baada ya nyingine. Miezi sita ikipita, nani anakumbuka kilichobadilishwa mle? Zana kama Bastille na iocage zimepunguza kazi, lakini kila moja ina lugha yake. Ukimpa mwenzako jela yako, lazima naye awe na zana uliyoitumia wewe.

Docker, programu ya makontena ya Linux, ilipotokea mwaka 2013, mchango wake mkubwa ulikuwa hapo. Imeji ni matabaka ya faili za tar pamoja na maelezo ya JSON, kila tabaka likitambulika kwa alama yake ya SHA-256. Juni 2015 ilianzishwa OCI (Open Container Initiative), ya kuweka viwango vya makontena, ili umbo hilo lisibaki mali ya kampuni moja. Kwa hiyo imeji inaweza kujengwa na programu moja, ikahifadhiwa kwenye ghala la mwingine, ikaendeshwa na ya tatu. Kwa FreeBSD, nafasi ya runc imechukuliwa na ocijail ya Doug Rabson, inayosoma maelezo ya OCI na kuunda jela halisi. Matabaka nayo yanakaa vizuri juu ya ZFS: ukiwa na makontena kumi ya msingi mmoja, data ya msingi huo haijirudii mara kumi kwenye diski.

Ukitaka kujionea, sakinisha podman-suite kwa pkg, pachika fdescfs kwenye /dev/fd, weka kanuni za pf (kichujio cha mtandao cha FreeBSD) ili makontena yapate njia ya kutokea nje, kisha endesha imeji ya FreeBSD kwa podman run. Fungua terminali nyingine uandike jls. Kontena lako utalikuta kwenye orodha, pamoja na jela ulizojenga kwa mkono. Kwangu hoja ya kwamba Podman inaua jela inaishia hapo, kwa kuwa ukuta ni uleule wa mwaka 2000.

Ninapotofautiana na mashabiki ni kwenye imeji za Linux. Amri ya podman run --os=linux alpine inafanya kazi, na mara ya kwanza inapendeza kuitazama. Inachofanya kerneli ya FreeBSD ni kupokea miito ya Linux na kuitafsiri. Programu ndogo zitakwenda. Zinazodai vitu vya Linux kama io_uring, cgroups au systemd zitakwama, na nyingine zitakwenda vizuri hadi siku zikigusa wito usiotafsiriwa, pengine usiku wa manane wateja wakiwa kazini. Kiusalama pia, tabaka la tafsiri ni sehemu nyingine ya kerneli inayoweza kushambuliwa. Anayehitaji Linux kweli ana bhyve tangu FreeBSD 10.0 ya mwaka 2014: mashine pepe yenye kerneli yake, na makontena ya Linux yakae humo.

Kuna na mambo ya kila siku. Jela ya mkono nailinda kwa pkg audit, inayokagua vifurushi vyenye udhaifu, na kifurushi kibovu nakibadilisha palepale. Imeji sharti ijengwe upya, na timu isiyo na ratiba ya kuijenga itabeba maktaba ya usimbaji ya OpenSSL yenye tundu mwaka mzima bila kujua. Vikomo vya kumbukumbu kwa jela vinapitia rctl, ambayo haifanyi kazi mpaka uandike kern.racct.enable=1 kwenye /boot/loader.conf na kuwasha mashine upya, wengi husahau. Tena kwa anayetumia intaneti ya simu Dar es Salaam au Nairobi, Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni, inaweka kikomo cha kuvuta imeji kwa kila anwani ya asiyeingia kwa akaunti tangu Novemba 2020, na anwani moja ya mtandao wa simu hutumiwa na watu wengi kwa pamoja. Ghala lako mwenyewe ofisini linakuondolea adha hiyo, na linaokoa bando.

Kinachonisumbua zaidi ni root. Kwenye Linux, Podman ilipendwa kwa sababu mtumiaji wa kawaida anaweza kuendesha kontena bila mamlaka yoyote ya pekee. Kwenye FreeBSD inataka root, na kifurushi chenyewe kinatangaza kwamba bado ni cha majaribio. Ndiyo maana jela za Podman nazipendekeza kwa programu ambazo timu inazijenga yenyewe juu ya imeji rasmi za FreeBSD, kila moja na VNET yake na kikomo chake cha rctl. Seva inayopokea imeji kutoka kwa wateja au kwa watu wasiofahamika ningeiweka ndani ya bhyve, hata kama kila mashine pepe itakula kumbukumbu zaidi.