Sinia la Arobaini

Hadi mfungo mosi wa mwaka jana nilikuwa nikiamini, na wakati mwingine nikiwatambia wageni, kwamba nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, ni miongoni mwa nyumba zenye vyombo vingi na vya fahari katika barabara yetu. Kabati la vioo lilikuwa limejaa hata milango yake ikawa inafungwa kwa kipande cha kanga, na juu yake masufuria yalipangwa moja ndani ya jingine mpaka karibu na dari. Nayasema haya mapema ili msomaji apime mwenyewe urefu wa mnazi nilioporomoka.

Mambo yalianzishwa na binamu yangu aliyeko Muscat. Siku ya tatu baada ya Idi aliandika katika kundi la ukoo la WhatsApp kwamba tumetosheka na kutumiana picha za maua kila Ijumaa, na kwamba ingependeza kila nyumba itengeneze kitabu cha picha cha kidijitali kwa mpango wa alfabeti: kila siku herufi moja, kila herufi kitu kimoja cha nyumbani ambacho wenyewe wanakithamini, na chini ya picha maelezo mafupi ya kilikotoka. Atakayewashinda wenzake angeletewa kopo la halua kwa mkono wa msafiri wa kwanza. Kurasa alizipakua tayari zikiwa zimepambwa kwa utepe na vifungo vya kuchora, nazo zilikuwa 26. Jambo hilo lilizua mjadala wa siku nzima, kwa kuwa ami yetu, mwalimu mstaafu, hakukubali hata kidogo Q na X zipewe kurasa katika kitabu cha Waswahili, wala C isimame peke yake bila H. Tukabaki na herufi 24. Ukurasa wa Q ulifutwa, ila wa X binamu aliuacha, akidai kwamba huenda ukafaa baadaye. Ulifaa.

Mke wangu wakati huo alikuwa Pangani akimtumikia mdogo wake aliyejifungua, na asingerudi kabla mzazi hajatoka arobaini. Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba watoto, piga picha vitu vyako. Redio yako, baiskeli yako. Vyombo viache, vyombo vina wenyewe." Nilidhani ananipigia methali.

Tena mimi ni karani mstaafu, na karani mstaafu akipewa fomu yenye nafasi ya maelezo mafupi, huijaza mpaka pembeni. A niliipa antena ya televisheni, ambayo kwa miaka mingi ilifungwa juu ya mwanzi na kugeuzwa na watoto kwa amri za kupigiwa kelele kutoka ndani, na watu waliipenda sana. B niliipa bakuli la udongo lenye maua ya buluu. Niliandika kwamba lilikuwa la bibi mzaa baba, kwamba alilinunua akiwa mwari, na kwamba kila nilitazamapo huisikia sauti yake. Hakika sikuwa nayo, lakini bakuli lenyewe lilikuwa na sura ya urithi.

Haikupita saa moja, shangazi akatuma ujumbe wa sauti, kwa upole ule ambao ni afadhali mtu agombezwe. "Mwanangu, Mungu akupe umri. Bakuli hilo ndilo nililokuletea tambi kumi la kati la Ramadhani. Ukishamaliza kuisikia sauti ya bibi yako, nirudishie."

Hapa ni lazima niitetee nyumba yangu. Sisi watu wa pwani chombo cha mtu haturudishi kitupu: ukiletewa tambi ndani ya bakuli, bakuli hurudi na kitumbua, au mhogo wa nazi, au walau ndizi mbili. Tokeo lake ni kwamba chombo hukaa kikisubiri kipatikane cha kutiwa ndani, na kikisubiri sana huoshwa, hupangwa kabatini, na baada ya miaka miwili huwa na sura ya urithi. Huo si wizi, ni adabu iliyochelewa.

Nikaendelea. CH ilikuwa chetezo, ambacho kwa bahati kilikuwa chetu. H ilikuwa hotpoti kubwa yenye mfuniko wa kahawia, nayo ilitambuliwa na watu wawili kwa pamoja, wakaachwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe. K ilikuwa kawa la ukili wa rangi tatu, ambalo halikudaiwa na mtu, nikalala na amani. M nilikosea kwa namna nyingine, kwa sababu niliandika, "Mbuzi wetu ni mzee lakini ana meno makali," na kabla watu hawajaiangalia picha vizuri, binamu wa Mombasa alikuwa ameshauliza bei akitafuta mnyama wa akika. Ami mwalimu aliingia kati kunisahihisha mbele ya ukoo mzima kwamba mbuzi akiwa wa kukunia nazi husemwa "mbuzi yetu", na kwamba ngeli zipo kwa ajili ya kuepusha hasara za namna hiyo.

Siku ya kumi na nane ikafika S.

Sinia nililolichagua lilikuwa pana kiasi cha kuliwa na watu sita, la aluminiamu nzito, lenye nakshi za majani ukingoni. Nililisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa, nikalisimamisha kitandani kwa kuliegemeza kwenye mito, dirisha likiwa wazi ili mwanga wa alasiri uliangukie. Maelezo yake ndiyo niliyoyaonea fahari kuliko yote. Niliandika kwamba sinia hili lilibeba pilau ya harusi ya wazazi wangu, na kwamba halijapata kutoka mikononi mwa ukoo wetu. Nikatuma, nikaenda kuswali.

Nilichokisahau ni kwamba nyuma ya kitanda kuna kabati la nguo lenye kioo. Mimi nilipiga uso wa sinia, kioo kikapiga kitako chake. Mtoto wa binamu, mwenye miaka kumi na mmoja na asiye na kazi ya kufanya, aliikuza picha, akaigeuza kushoto kulia, akairudisha kundini akiuliza kwa nini sinia la babu limeandikwa kwa rangi ya kucha. Maandishi yalikuwa mekundu na yalisomeka bila miwani: V.K. 40.

Kila mwanamke wa Tanga aliyepata kupika shughulini anaijua alama ya namna hiyo. Vyombo vya harusi huazimwa kwa makumi, huchanganyika jikoni, na pasipo herufi kitakoni hakuna chombo kinachomrudia mwenyewe. V.K. ni Vyombo vya Kikundi, yaani kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu, na mweka hazina wake ni dada yangu, mtoto wa ami, ambaye naye yumo kundini. Kwa muda mrefu simu ilionyesha kwamba anaandika, kisha haandiki, kisha anaandika. Hatimaye ujumbe ukaingia: "Kaka, shikamoo. Masinia yaliondoka arobaini, yakarudi thelathini na tisa. La arobaini nimelilipa mimi kwa fedha ya vitumbua."

Nilijibu kwamba pengine kuna masinia mawili yanayofanana. Yeye hakubishana. Alituma picha ya harusi ile ya miaka miwili iliyopita, ambamo bwana harusi anapiga magoti mbele ya wazazi, na nyuma yao, katika geti, ninaonekana mimi mwenyewe nikitoka na sinia begani, nimetabasamu, pilau imefunikwa kwa kawa la ukili wa rangi tatu.

Jioni ile walikuja. Hawakuja kwa ugomvi, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa maana kila mmoja alibisha hodi, akaniamkia, akauliza hali ya mzazi wa Pangani, kisha akaliendea kabati bila kuonyeshwa. Hata jirani wa ukuta mmoja, ambaye si wa ukoo na sijui picha zilimfikiaje, alichukua ungo wake na chujio la chai. Kufika isha rafu mbili zilikuwa tupu kabisa. Yule mtoto alizipiga picha, na binamu akaziweka katika ukurasa wa X.

Mke wangu aliporudi alisimama mbele ya kabati akalitazama bila kusema neno. Alifungua kile kipande cha kanga, ambacho sasa hakikuwa na kazi, akakikung'uta, akajifunga kichwani.

"Hiki nacho ni cha mdogo wangu," alisema, "ila yeye hayumo kundini."

Nilimaliza hadi Z kwa vitu vyangu mwenyewe: tochi, utepe wa kupimia, vishikizo, wembe, yai moja, na zana za baiskeli. Halua haikuja kwangu. Lakini mama mkwe, aliyechelewa kuingia kundini, ndiyo kwanza alikuwa akianza alfabeti yake, na B aliipa birika la shaba lenye bonde ubavuni. Akaandika kwamba analitunza kama mboni ya jicho na kwamba ni la nyumba ile tangu zamani. Mimi nalijua bonde lile. Nilikuwa na miaka tisa nilipoliangusha birika hilo kutoka kwenye baiskeli ya baba, na marehemu aliandika herufi zake kitakoni kwa msumari siku hiyo hiyo, akisema kwamba sasa hata likiibwa atalijua.

Niliandika majibu matatu nikayafuta yote, kwani huyo ni mkwe. Ijumaa tukaenda kumsalimu, naye akalileta birika lenyewe sebuleni, likitoa mvuke wa chai ya tangawizi. Alipotoka kufuata sukari nililiinua kidogo, nikachungulia chini. Herufi zilikuwepo. Nyayo zake zikakaribia, nami nikalirudisha mahali pake taratibu.

"Unalipenda, eh?" alisema akicheka. "Nililetewa na mkeo mwaka wa kwanza wa ndoa yenu, na uji wa pilipili manga."

Mke wangu alikuwa akikoroga chai ambayo bado haijatiwa sukari.