Kikundi cha Mama au cha Mwanawe?

Tanga vipo vikundi vya wazazi wenye watoto wa usonji, mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili. Wengine wanavisifu kama mkombozi, wengine wananong'ona kuwa ni vikoba vya akina mama vilivyotafuta jina la huruma. Nimekaa kwenye mikeka yao mara kadhaa, na naona kila upande una chake.

Nianze na sifa. Mama anayembeba mgongoni kijana wa miaka 12 kutoka Makorora hadi hospitali ya Bombo kwa mazoezi ya viungo, mara nyingi baba alishaondoka zamani, na majirani wameshatoa hukumu: jini, au mama alikosea mwiko. Kikundini anaambiwa na mwenziwe kwamba mtoto anayechelewa kulia akizaliwa, au aliyepata manjano kali ya uchangani, au malaria iliyompanda kichwani, ubongo wake huweza kudhurika. Neno hilo tu humrudishia mtu usingizi. Hapo hapo anajifunza kumlisha amekaa wima badala ya kumlaza chali, maana uji ukiingia njia ya hewa unaua. Anaonyeshwa pia fundi seremala anayetengeneza kiti cha kumshika mtoto kiuno na kifua. Hayo huyapati kwenye semina ya hotelini.

Sasa pesa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Hapa ndipo minong'ono inapozaliwa. Kijana mwenye ulemavu hasaini mkopo, mama ndiye anayesaini, na mtaji unakwenda kwenye vijora au mihogo ya kukaanga. Wakosoaji wanasema huko ni kula kwa jina la mgonjwa (nao wanakosea: ulemavu si ugonjwa). Akina mama wanajibu: dawa za kifafa, nepi na nauli ya bajaji analipa nani? Kwa hili nipo na akina mama. Mfuko wa mama ndio mfuko wa mtoto.

Ninapoachana nao ni mtoto anapokua. Aliyekuwa akisoma kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi anafika miaka 20, anarudi kukaa uani, na kikundi bado kinamwita "mtoto". Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake 2010. Msingi wake ni kwamba huyu ni mtu mwenye kauli. Lakini katika kikao kauli yake haiulizwi.

Mama mmoja alinijibu kwa ukali: "Mwanangu wa kike hajui kuvuka barabara, we baba unataka umtoe nje waje wamharibu?" Sikuwa na jibu la haraka, na hofu yake si ya kubuni. Wasichana wa aina hii hudhulumiwa kweli. Ila wanaowadhulumu mara nyingi ni watu wa ndani au majirani wanaoaminika, na binti asiyefundishwa majina ya viungo vyake hawezi kushtaki. Ufunguo wa mlango haumlindi na mjomba. Halafu lipo lile linalosemwa kwa sauti ya chini: nikifa, atabaki na nani? Aliyefichwa miaka yote hana hata jirani anayemjua kwa jina.

Kikundi kimoja maeneo ya Ngamiani kimejaribu kidogo. Kijana wao mwenye ulemavu wa akili amepewa kazi ya kupanga viti, na siku moja wakamuuliza kikao kiwe lini. Akasema Jumamosi hapana, Coastal Union wanacheza mpira uwanja wa Mkwakwani. Akina mama walicheka, kisha wakahamishia Jumapili.