Ranchi ya Kongwa: igawanywe au ibaki?

Ukitoka Dodoma kuelekea Morogoro, unakunja kulia Mbande ndipo uingie Kongwa. Ni mji mdogo. Biashara kubwa ya mahindi iko Kibaigwa, kwenye barabara kuu ambako malori hayana haja ya kukunja kona. Kongwa wamebaki na ofisi za wilaya, na ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe ni wa aina mbili. Wapo Boran, ng'ombe wakubwa wa nyama, wa ranchi ya taifa iliyo chini ya NARCO, kampuni ya ranchi ya serikali, kwenye eneo la hekta zipatazo 38,000, na wapo Zebu wa vijijini, wadogo lakini wavumilivu wa njaa na kiu. Kiangazi kikikaza, mfugaji huyatazama majani ya ranchi akajiuliza kwa nini ng'ombe wake wafe jirani na malisho yote hayo. Swali lake ni la haki. Wagogo, wenyeji wa huku, hawakuwahi kuweka mifugo yote mahali pamoja. Mtu aliwagawa ng'ombe wake kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali, ili mvua ikikosekana huku, kule apate salama. Bima hiyo ilitegemea nchi iliyo wazi. Kila kipande kinachofungwa kinaipunguza.

Basi ranchi igawanywe kwa wafugaji? Hapo ndipo ninaposita, kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa Kongwa mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta, mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua ilikuwa haba, na udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba kuzichimbua karanga kulikuwa kazi nyingine. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, baada ya kula mamilioni ya pauni. Ardhi hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwa malisho, na kwa majani haikugoma. Ukiikata leo vipande vya eka chache chache, vingi vitalimwa mahindi, na mwaka wa mvua mbaya mwenye kipande atakosa mahindi na majani pia.

Wapo wanaopendekeza vitalu vya kukodisha, kama NARCO ilivyofanya kwenye baadhi ya ranchi zake kwingineko. Sawa, lakini kitalu kinataka lambo, josho na uzio. Mwenye ng'ombe kumi na tano atavitoa wapi? Kitachukuliwa na mwenye fedha, na mfugaji wa kijijini atabaki nje ya uzio, safari hii wa mtu binafsi.

Kwangu mimi, ranchi ibaki nzima, ila isijipime kwa hekta wala kwa uzuri wa Boran wanaopigwa picha, bali kwa kinachofika vijijini: madume na majani. Dume la mbegu la Boran likiingia kwenye zizi la kijiji, ndama wake watakuwa wazito kuliko Zebu mtupu, ingawa watahitaji malisho zaidi, na hilo mfugaji aambiwe mapema. Kuhusu majani, Kongwa ina kituo cha utafiti wa malisho, kwa hiyo elimu ya kukata na kuhifadhi hei, yaani majani makavu, haitoki mbali. Kinachotakiwa ni hei hiyo ifike kijijini kabla ya Septemba, ng'ombe wakiwa bado wana nguvu za kusimama wenyewe.