Ukiwa mwembamba tayari, hizo kilo zitoke wapi?

Kuna jambo limenikera wiki hii na siwezi kukaa nalo kimya. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana sendofu mwezi ujao na gauni nashona mimi. Kaja kibandani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kupimwa, nimemzungushia futi kiunoni nikasoma inchi 26, nashika kalamu niandike, ananiambia "Mamdogo andika 24, mpaka siku ya shughuli nitakuwa nimefika." Namuuliza utafikaje, ndo ananifungukia: anafunga masaa 16, anakula kuanzia saa sita mchana mwisho saa mbili usiku, wiki za mwanzo kilo zilishuka vizuri alafu zikagoma, na huyo anayemfundisha kwenye simu kamwambia mwili umeshazoea kwahiyo aongeze, afunge masaa 20. Binti mwenyewe ana sentimita 165 na kilo 54. Nilipomshika kiganja anyooshe mkono nipime, kilikuwa cha baridi kabisa, na ni saa nane mchana jua linawaka, wala sio asubuhi ya mwezi wa saba.

Siandiki kumsema yeye. Nawaandikia wote mnaokuja kwa mafundi na mwili kama wake huku mnawaza inchi mbili za kutoa, na nasema wazi: kilo zako zinashuka polepole kwa sababu mafuta ya kutoa hayapo mengi. Hiyo sio kasoro, na dawa yake haiwezi kuwa kuongeza masaa ya njaa.

Tupige hesabu kwanza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700. Chukua mwanamke wa kilo 95 mwenye urefu sawa na mpwa wangu, akilala tu kitandani kutwa nzima mwili wake unatumia kalori kama 1,700 kwa ajili ya moyo, pumzi na joto. Mpwa wangu akilala pembeni yake anatumia kama 1,300. Yule mkubwa akipunguza kalori 600 kwa siku bado anabaki na chakula cha kushiba, na ndani ya wiki mbili kilo imetoka. Mwembamba hana hizo 600 za kupunguza, labda 200, na parachichi moja zima la Rungwe, yale makubwa, linazidi hizo 200. Sasa gawanya 7,700 kwa 200 uone: siku 38 kwa kilo moja, tena kama kila siku amefunga sawasawa na jioni hajafidia. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje mwili wake umegoma?

Na zile kilo za mwanzo zilizomtia moyo, nyingi zilikuwa maji. Wanga tunaoutunza kwenye ini na misuli unakaa na maji yake, gramu moja ya wanga na maji kama gramu 3, ukipunguza ugali na wali ule wanga unatumika na maji yanaondoka nao, mizani inashuka, siku ukila kande ukashiba yanarudi. Hapo sijataja siku za hedhi ambapo mwili unashika maji, sijataja chumvi. Na mizani yenyewe ni ya yule kijana wa kando ya barabara, leo umepanda na sweta na buti kwa sababu ya baridi, kesho umepanda na kandambili, juzi ulikuwa hujala na leo umetoka kula. Kalori 200 kwa siku ni mafuta gramu 180 kwa wiki. Gramu 180 utazionaje kwenye mizani inayopanda na kushuka kilo nzima kwa maji na sweta? Watoto wa watu wanalia usiku kwa namba ambayo haiwezi kuwaambia chochote.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni kile kinachotoka. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walitoa utafiti wa watu 36, wote wembamba wenye afya zao, wiki 3. Kundi la kwanza walipunguza robo ya chakula kila siku bila kufunga. Kundi la pili walifunga siku moja wakala siku inayofuata, mpaka jumla ya chakula nayo ikapungua robo ile ile. Kundi la tatu walifunga hivyohivyo ila siku ya kula wakala mara mbili, yaani hawakupunguza kitu. Wale wa kupunguza kidogo kila siku walitoa kilo 1.9 na karibu zote ni mafuta. Wale wa kufunga na kupunguza walitoa 1.6, na karibu nusu yake haikuwa mafuta, ni nyama ya mwili, misuli humo ndani. Kundi la tatu waliambulia nusu kilo tu. Haya, nakubali, wale walifunga siku nzima na sio masaa 16, na watu 36 sio wengi. Ila angalia mpwa wangu anasukumwa wapi, 16 imekuwa 20, na hiyo 20 ikigoma ataambiwa afunge ngapi?

Hili la misuli mimi naliona kwenye futi kila msimu wa harusi. Bibi harusi mwembamba anayejifungisha mpaka siku ya shughuli, kiuno hakiendi popote, kinatoka nusu inchi labda, kwa sababu pale ni mifupa ya mbavu na nyonga na huwezi kuifunga ikapungua. Kinachoondoka ni kifua, mabega na makalio. Nimepima, nimekata, nimeshona, anakuja kujaribisha gauni la bila mikono linamshuka kifuani, napunguza huku, linavuta kule, hipsi zimelegea kitambaa kinakunjana nyuma, na bado anauliza kama kiuno kimeonekana. Sura imesinyaa, mpaka mpambaji anaongeza poda. Gauni linakaa vizuri kwenye mwili wenye nyama mgongoni na kwenye makalio, fundi yeyote atakwambia hivyo.

Sikatai kwamba kufunga kwa masaa kuna wanaofaidika. Mtu mwenye kilo nyingi ambaye kazi yake ni kula usiku, ukimfungia jiko saa mbili atapunguza, na mwenye sukari akisimamiwa na daktari wake hayo ni yao wawili. Ila hata kwa wenye uzito mkubwa sio muujiza, Marekani mwaka 2020 walitoa utafiti wa watu 116 kwa wiki 12, waliofunga masaa 16 walishuka kwa wastani pungufu ya kilo moja, na tofauti yao na waliokula milo yao mitatu ilikuwa ndogo ya kutohesabika. Kama mwenye kilo nyingi anapata hicho, mwembamba anaahidiwa nini?

Mfungo wa Kwaresima na Ramadhani siugusi, huo ni wa Mungu na hauna uhusiano na inchi. Chai za kupunguza tumbo zinakuharisha tu.

Sasa niseme linalonikosesha usingizi. Mpwa wangu akiwa na kilo 54 kwa urefu wake, gawanya kilo kwa urefu wa mita, jibu uligawanye tena kwa urefu huohuo kama wanavyofanya kliniki, unapata 19.8, yuko salama. Akifika 50 anayoitaka, inakuwa 18.4, ameshavuka mstari wa 18.5 na kuingia kwenye uzito pungufu. Na anaolewa. Mwaka huuhuu au ujao tutategemea mimba. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta wanawake 42 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na Iringa, jirani zetu wanaolisha nchi mahindi, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, Njombe nusu. Mtoto anaanza kudumaa tumboni kwa mama. Alafu tunamchukua binti mzima mwenye uzito wake sawa tunamwambia afunge masaa 20, hedhi ikipotea tunasema ni stress za harusi! Hedhi ikipotea kwa mwembamba anayejinyima ni mwili umeona chakula hakitoshi umezima uzazi. Hapo hospitali, sio kusubiri.

Nilimuuliza saa sita anafungulia nini, akasema tunda na chai, jioni ugali kidogo na mchicha. Yai hamna, maharage hamna, maziwa hamna, na yuko Mbeya ambako maharage yapo kila kona na samaki wa mbasa wanaletwa kutoka Kyela. Yai moja lina protini kama gramu 6, na mtu wa kilo 54 anayetaka kulinda misuli yake anahitaji kama gramu 65 kwa siku. Nimemwambia ale asubuhi kama watu wengine, na kama anataka mwili ukaze abebe vitu vizito mara chache kwa wiki, ndoo ya maji inatosha kuanzia.

Mafundi wenzangu wa Mwanjelwa, Kabwe na Sido, hili linatuhusu kwa sababu sisi ndo tunaandika hizo namba. Mteja mwembamba akikwambia andika pungufu, andika futi inavyosoma, hata akinuna. Acha kitambaa cha inchi moja kila upande ndani ya mshono, nyuma weka kamba za kukaza badala ya zipu, na mwite aje kujaribisha wiki moja kabla. Na akija mkono wa baridi, midomo imekauka, mwagizie supu kwanza kabla hujatoa futi.