Kasuku wa Mauritius: aendelee kulishwa?

Katika msitu wa Black River Gorges, kusini magharibi mwa Mauritius, kasuku jike anayeatamia hatoki ovyo tunduni. Humsubiri dume. Dume hutua tawi la jirani, huita, jike huchomoka, na hapo hapo mtini humcheulia chakula mdomoni. Kisha jike hurudi kwenye mayai yake, mawili hadi manne. Wote ni wa kijani. Ukitaka kuwatofautisha tazama mdomo, wa dume ni mwekundu kwa juu na wa jike ni mweusi.

Miaka ya 1980 walibaki kama 10 tu. Kumi duniani kote, maana kwa asili hawaishi penginepo, na ndugu zao wa visiwa jirani vya Réunion na Rodrigues walishatoweka. Leo wamepita 750. Mwaka 2019 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa madaraja ya hatari ya kutoweka, iliwashusha daraja moja la hatari, mara ya pili baada ya ile ya 2007.

Idadi hiyo haikuja yenyewe. Shirika la uhifadhi la Mauritian Wildlife Foundation na washirika wake walitundika masanduku ya kutagia, wakazungushia vigogo plastiki laini ili panya ateleze, wakatia viotani dawa ya kuua nzi ambao mabuu yao hunyonya damu ya makinda. Jozi ilipoangua makinda wengi kuliko uwezo wake wa kulea, wa ziada walichukuliwa wakalelewa kwa mkono. Hao waliolelewa na watu ndio waliozoea vihori vya chakula vilivyowekwa msituni, na wa mwituni wakajifunza kwao.

Mvutano sasa uko kwenye vihori hivyo. Wanaotaka viendelee wanauliza: mkiviondoa, ndege watakula nini? Msitu wa asili ulio katika hali nzuri haufiki hata asilimia 2 ya kisiwa. Kwingine mpera wa kigeni umesongamana hadi mche wa mti wa asili haupati mwanga, na kima walioletwa na mabaharia huchuma matunda yakiwa bado mabichi. Naiheshimu hoja hii. Anayesema asili iachwe ifanye kazi yake anasahau kwamba asili ya hapo ilishakatwa, ikapandwa miwa, ikajazwa panya.

Lakini upande wa pili una jambo zito, nalo ni ugonjwa. Mwaka 2005 kulizuka virusi vya mdomo na manyoya. Kinda aliyepatwa hunyonyoka, manyoya yanayoota huwa yamepinda, na kinga ya mwili huporomoka. Dawa hakuna. Virusi hukaa kwenye kinyesi na kwenye vumbi la manyoya, kwa hiyo mahali ambapo ndege wengi hupokezana kihori kimoja ndipo hasa vinapopenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa baada ya mlipuko, mayai ya jozi zilizokula vihorini yaliangua kwa kiwango cha chini kuliko ya zile zilizojitafutia. Yaani msaada ule ule uliowaongeza uligeuka kuwa mzigo. Isitoshe, kasuku wa kigeni kutoka Asia, aliyeenea kisiwani, naye hubeba virusi hivyo, na hugombania matundu.

Mimi naona kosa ni kuuchukulia msaada wote kuwa kitu kimoja. Vihori vipunguzwe, tena kidogo kidogo, eneo moja baada ya jingine, huku hesabu ya makinda ikifuatiliwa kila msimu. Vikiondolewa kwa mkupuo, jozi zilizovitegemea kwa miaka zitaumia. Fedha itakayookolewa iende kwenye kazi isiyopendeza kupigwa picha: kuweka uzio wa kuzuia nguruwe na kulungu, na kung'oa mipera kwa mikono, mwaka hadi mwaka, kwa sababu huchipua tena.

Masanduku ni habari nyingine kabisa. Hapo sikubaliani na wanaotaka kila kilichowekwa na mtu kiondoke. Tundu la kutosha kasuku hupatikana kwenye mti mkubwa, mkongwe, uliooza kwa ndani, na vimbunga huiangusha miti ya aina hiyo kabla ya mingine. Mche unaopandwa leo baada ya kung'oa mipera hautakuwa na tundu katika maisha ya mtu aliyeupanda. Hadi hapo sanduku libaki mtini, na mtu wa kupanda mtini kulikagua asikosekane.