Karatasi Inayojua Kila Kitu Baada ya Mbio

Kila Jumamosi alfajiri, kabla hata sijanawa uso vizuri, huketi mezani nikiwa na penseli mbili, kifutio kimoja na karatasi za mbio za farasi za siku nzima huko Uingereza, na kwa muda wa saa nne hivi ninakuwa mtu mwenye akili kuliko wote ninaowafahamu. Mbio ya kwanza ikianza, akili hizo hunitoka moja baada ya nyingine, na ikifika jioni huwa nimebaki na penseli.

Nieleweke mapema kwamba sichezi fedha. Dau langu ni la kuandika daftarini, pointi kumi kwa kila mbio, nazo ni pointi nilizozitunga mwenyewe na ambazo hakuna mtu duniani anayezipokea. Nilidhani mtu anayepoteza mali ya kubuni hawezi kukosa usingizi. Kumbe anaweza, tena anakosa hata huruma ya majirani, kwa kuwa hana hasara ya kuonyesha. Daftari linasema nadaiwa pointi 1,840, na sijui nadaiwa na nani.

Lawama zangu zote nazielekeza kwa karatasi yenyewe. Ingekuwa inaficha mambo, ningeiacha na kutafuta shughuli nyingine. Inasema kila kitu: umri wa farasi, baba yake, mama yake, baba wa mama yake, mkufunzi, mpandaji, uzito atakaobeba, rangi za shati, na kando ya jina mstari wa tarakimu na herufi kama namba ya siri ya benki: 2143-0/PF1. Kila tarakimu ni nafasi aliyomaliza katika mbio zilizopita. Sifuri ni kwamba hakuingia hata katika tisa wa mwanzo. P ni kwamba mpandaji alimsimamisha njiani kwa kuona hakuna la maana linaloendelea. F alianguka, U alimwangusha aliyempanda na kuendelea na safari zake peke yake, na R aligoma kuruka. Nakiri kwamba nina mapenzi na farasi wa R. Kiumbe anayesogezwa mbele ya kiunzi, akakitazama, akakataa, ana busara ambayo mimi sijawahi kuwa nayo asubuhi yoyote ya Jumamosi.

Mstari huo husomwa kutoka kushoto, wa zamani kwanza, wa karibuni mwisho. Hilo hakuna aliyeniambia, kwa hiyo msimu wangu wote wa kwanza niliusoma kutoka kulia. Farasi mwenye 1368 nilimwona kijana anayepanda ngazi, kumbe ni mzee anayeishuka, na nikawa nampa pointi zangu kila alipotoka, huku nikishangaa kwa nini ulimwengu hauoni kipaji nilichokiona mimi. Jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba msimu ule sikupoteza zaidi kuliko misimu niliyosoma sawasawa.

Kisha kuna herufi nyingine. C maana yake amewahi kushinda kwenye uwanja huohuo, D amewahi kushinda kwa umbali huohuo, na BF ni yule aliyependelewa na wengi mara ya mwisho akawaangusha. Herufi b ni vifuniko vya macho ili asitazame pembeni, na t ni kwamba amefungwa ulimi ili usimzuie kupumua. Hili la mwisho naliona limewekwa mahali pasipostahili, kwa maana wapo watabiri wa magazetini ambao ingefaa wafungwe wao kwanza, halafu farasi wafikiriwe baadaye.

Lakini kinachonikondesha ni uzito. Katika mbio nyingi yupo ofisa, mtu mzima, mwenye mshahara, ambaye kazi yake ni kumpa farasi bora mzigo mkubwa na farasi dhaifu mzigo mdogo, mpaka wote walingane. Vipande vya madini ya risasi huchomekwa kwenye tandiko la aliye hodari. Ndoto ya ofisa huyo, akilala usingizi mwema, ni farasi kumi na sita wafike mstarini pua kwa pua. Sasa tafakari hali yangu: mimi naamka alfajiri kutafuta tofauti kati ya farasi, naye yupo ofisini tangu Jumatatu akizifuta moja baada ya nyingine, na analipwa kwa hilo. Sijawahi kusikia mwalimu wa hesabu ambaye kila akitoa swali, mwenzake aliyeajiriwa na serikali anapita nyuma kufuta namba ubaoni.

Wala mzigo si mzaha. Mwaka 1973, katika mbio ndefu za kuruka viunzi ziitwazo Grand National pale Aintree, farasi kutoka Australia aitwaye Crisp alibeba kilo 76 hivi na akaongoza kwa umbali ambao mtu angeweza kwenda kunywa maji na kurudi. Alipovuka kiunzi cha mwisho, ushindi ulikuwa wake. Nyuma yake alikuwapo Red Rum, aliyekuwa na nafuu ya kilo kumi na kidogo, na katika ule mwendo mrefu wa kuelekea mstarini miguu ya Crisp ikaanza kuhesabu zile kilo moja moja. Alipitwa hatua chache kabla ya kumaliza, akashindwa kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Mwaka uliofuata Red Rum akabebeshwa yeye hizo kilo 76, nikasema (nasoma historia kwa penseli mkononi, kama kawaida) kwamba sasa kwa hakika hawezi. Akashinda tena, na mwaka 1977 akashinda mara ya tatu. Yaani hata mbio zilizokwisha miaka mingi, ambazo majibu yake yamechapishwa, mimi huzikosa.

Hali ya ardhi sitaisemea sana, kwa sababu mvua ya nusu saa ikishuka, kazi yangu yote ya asubuhi hugeuka matope, na anayeshinda ni yule niliyemfuta kwa kuwa baba yake alipenda matope. Kuhusu vizimba vya kuanzia nasema neno moja tu. Pale Chester uwanja ni wa mviringo mdogo wenye kona tupu, na kila mtu anajua kwamba aliye kwenye kizimba cha ndani, chenye namba ndogo, ana nafuu. Nami nilijua, nikamchagua wa kizimba cha kwanza. Mlango ulipofunguka, wenzake wote walitoka, yeye akabaki akiwaza.

Utaniuliza kwa nini nisimfuate tu yule anayependelewa na wengi. Nilijaribu. Wanaopendelewa hushinda takribani mbio moja kati ya tatu, na kwa kuwa wengi wamewaona, malipo yake ni ya kuhurumiwa. Niliwafuata miezi miwili, nikagundua kwamba nina kipaji cha pekee cha kuwapumzisha siku wanaposhinda na kuwarudia siku wanapochoka.

Basi nikageukia kinyume, farasi wa mbali wasiotajwa na mtu, nikijipa moyo kwa habari za Foinavon. Mwaka 1967, katika hizohizo mbio za Aintree, walianza farasi 44, na Foinavon alikuwa wa malipo ya 100 kwa 1. Kwenye kiunzi cha 23 farasi aliyekuwa hana mpandaji alikata njia mbele ya wenzake, wakarundikana, wengine wakagoma, wengine wakaanguka, wapandaji wakawa wanakimbiza farasi wao kwa miguu. Foinavon alikuwa nyuma sana kiasi kwamba alifika ajali ikiwa imekwisha kutulia, akapata upenyo, akaruka, akaenda zake mpaka mwisho. Hata mkufunzi wake hakuwapo. Alikuwa Worcester siku hiyo akipanda farasi mwingine. Sasa kama mtu aliyemlisha kwa mkono wake hakuona sababu ya kusafiri kwenda kumtazama, mimi na kifutio changu ningemwona kupitia wapi? Ningetafuta safu gani ya karatasi inayosema kwamba farasi huyu ana uwezo mkubwa wa kuchelewa?

Tena kuna Devon Loch, mwaka 1956, farasi wa mama yake malkia Elizabeth wa Pili. Amevuka viunzi vyote thelathini, anaongoza, zimebaki mita zisizofika hamsini, mbele yake ni nyasi tupu. Ghafla akaruka kitu ambacho hakikuwapo, miguu ikatandazika, akalala kwa tumbo, na farasi aitwaye E.S.B. akapita akachukua ushindi. Hadi leo hakuna aliyethibitisha sababu. Ninapomwaza yule aliyekuwa ameshika tiketi yake mkononi, deni langu la pointi 1,840 huonekana dogo kwa muda wa kama dakika mbili.

Halafu wapo wanaopata bila jasho, na hao ndio siwasamehe. Tarehe 28 Septemba 1996, pale Ascot, mpandaji Frankie Dettori alishinda mbio zote saba za siku, na aliyeunganisha zote saba katika dau moja alilipwa 25,051 kwa 1. Mtu huyo hakusoma uzito, hakusoma ardhi. Alisoma jina moja mara saba. Mimi nimesuka mikeka ya kuunganisha mbio sita kwa saa nne za utafiti, na mkeka wangu huchanika mbio ya pili, chai ikiwa bado moto.

Usiku ndio karatasi hunidhihaki. Nikishamjua mshindi, nairudia, nakuta ishara zote zilikuwapo: C na D kando ya jina, vifuniko vya macho kwa mara ya kwanza, mpandaji aliyesafiri mbali kwa ajili ya mbio hiyo moja. Yote yalikuwa mbele yangu asubuhi. Na kando yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika: “Huyu hapana.”

Mtu pekee aliyethamini kazi hii ni shemeji yangu, ambaye hucheza fedha za kweli. Kila Jumamosi hupiga simu akisema, “Shemeji, nitajie farasi wako wa leo,” nami humtajia taratibu, kwa sauti ya mtaalamu, na kumpa na sababu. Mambo yalikwenda hivyo miezi kadhaa, mpaka siku moja nilipomtembelea nikaiona karatasi yake mezani. Farasi wangu wote walikuwa wamekatwa kwa wino mwekundu. Hakuona hata haya. Akaniambia, “Shemeji, wewe ni msaada mkubwa. Mbio ikiwa na farasi wanane, ukishanitajia wako, mimi nabaki na saba.”

Nikaapa kulipiza. Jumamosi iliyofuata nilimtajia kwa makusudi farasi mbovu kuliko wote waliokuwapo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, mstari wake ukiwa 0P-U0R0, nikamsifia mpaka nikaona aibu, nikijua kwamba atamkata na kufuata wengine, nami moyoni nimemshika kipenzi cha wengi. Yule mzee alishinda kwa urefu wa farasi sita. Shemeji alipoteza, daftari langu likapoteza, na jioni simu ikalia. Sauti ilikuwa ya mtu aliyevunjiwa heshima. “Shemeji,” akasema, “mtu ukiaminika kwa kukosea, kosea kwa uaminifu.”

Tumepatana. Sharti lake ni kwamba kuanzia sasa nimtajie yule tu ninayemwamini kwa moyo wote. Leo nimeketi tangu alfajiri, penseli ya kwanza imekwisha ncha, simu imelia mara mbili na sijaipokea, kwa sababu nikimtazama farasi yeyote katika karatasi hii sitambui tena kama namwamini au namdharau.