Ukutani au kitabuni: lugha ya kigeni ifundishwe kwa matini gani?

"Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Maneno hayo utayakuta yamepakwa rangi ukutani katika mitaa ya Dodoma, mji ambao viwanja vyake vimekuwa mali moto tangu Serikali ihamie. Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni akilipiga picha tangazo hilo na kulipeleka darasani, maneno matano tu yamempa ukanushi, kauli ya kutendwa na upatanisho wa ngeli. Ila utamu wenyewe unakuja mgeni anapouliza: kama haiuzwi, ya nini kutangaza? Hapo mtazungumza mirathi, ndugu anayeuza mali ya familia kimyakimya, dalali anayeonyesha wateja nyumba isiyo yake. Kitabu cha kiada hakifiki huko. Chenyewe kinamfundisha "Hujambo? Sijambo", kisha mtu anaingia soko la Majengo anapokewa kwa "Mambo vipi?", na bibi wa Kigogo pembeni anamsalimu "Mbukwenyi".

Hiyo ndiyo hoja ya wanaopenda matini halisi, yaani maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya wenye lugha yao, si kwa mwanafunzi. Niko upande wao, ingawa si kwa kila jambo.

Chukua kichwa cha habari cha michezo cha aina hii: "Wananchi wawazamisha Walima Zabibu." Mkazi wa hapa anajua mara moja kwamba Yanga imeifunga Dodoma Jiji. Mgeni aliyefundishwa -li- na -na- haoni alama ya wakati katika kitenzi hicho, halafu anawahurumia wakulima wa Hombolo. Utafiti wa Hu na Nation, wataalamu wa ufundishaji wa lugha, wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili mtu asome na kuelewa bila msaada, anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno. Yaani katika kila maneno 50, limshinde moja. Gazeti halina huruma hiyo. Wanaotetea kitabu wana haki hapa, kwa sababu ngeli zinataka mpangilio, na ukutani hakuna mpangilio.

Wengine husema basi tuirahisishe habari. Sikubaliani nao, maana ukishaiandika upya umerudi kwenye kitabu. Rahisisha swali: nani kashinda, magoli mangapi, walicheza Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma au ugenini? Hayo hata anayeanza atayapata.

Kinachonisumbua zaidi ni Kifaransa cha sekondari zetu. Mwaka 1978 Henry Widdowson, mwanaisimu Mwingereza, alitofautisha uhalisi wa maandishi yenyewe na uhalisi wa namna msomaji anavyoyapokea. Menyu ya mgahawa wa Paris ni halisi kabisa, lakini kwa kijana wa Mpwapwa ambaye hana safari ya huko ni karatasi ya zoezi kama nyingine. Wakati huohuo malori ya kwenda Burundi na Kongo, nchi zinazotumia Kifaransa ofisini, yanapita Dodoma kila siku. Tangazo la kazi la Bujumbura au lebo ya bidhaa ya Kinshasa ingemgusa zaidi, na ingemwonyesha kuwa Kifaransa kina wenyewe jirani hapa. Mwalimu mwenye muhtasari wa kumaliza kabla ya mtihani wa Taifa atauliza muda autoe wapi. Swali lake ni la haki, na jibu langu ni dogo: lebo moja kwa wiki, dakika kumi, bila kufunga kitabu.